Uzi maalum kwa wanaolea wazazi wenye ugonjwa wa kusahau: utafiti umefikia wapi, na mlezi anashikwa mkono na nani?

#1 BintiKibosho

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Uzi huu ni wa watu wanaomlea mzazi, bibi, babu au mwenzi aliyeanza kusahau kidogo kidogo, mpaka siku moja anauliza nyumba aliyoijenga mwenyewe ni ya nani. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya presha na sukari mkoani Kilimanjaro, na nyumbani namlea baba yangu mwenye dimenshia, yaani huo ugonjwa wa kusahau. Naongea kama mtumishi wa afya na kama mtoto wa mgonjwa.

Ninachokiamini nakisema mapema. Kwa hali ilivyo sasa, tiba kubwa aliyonayo mgonjwa wa dimenshia huku kwetu ni yule mtu anayeamka naye usiku. Huyo mtu, mara nyingi binti au mkamwana, ndiye ambaye familia haimuulizi hali. Ndugu watachanga hela ya kipimo cha CT, nauli ya kwenda kwa bingwa Dar, mafuta ya upako. Mchango wa kumlipa msaidizi ili yule binti alale siku mbili kwa wiki, huo sijauona ukiitishwa kwenye kundi lolote la familia.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Ubongo unaharibika polepole, mtu anapoteza kumbukumbu, mpangilio wa mambo, lugha, na mwishoni hata kula na kutembea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wanaishi na dimenshia, na zaidi ya asilimia 60 wako nchi za kipato cha chini na cha kati. Aina ya Alzheimer inabeba kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa. Kliniki kwetu tunaifahamu zaidi ile inayotokana na mishipa ya damu: mtu ana presha ya miaka, anameza dawa akijisikia vibaya tu, anapata viharusi vidogo ambavyo hata havimlazi, na kila kimoja kinaondoka na kipande cha akili.

Wanaosema "ni uzee tu" nawaomba wamkumbuke mgonjwa ambaye daktari Alois Alzheimer alimpokea Frankfurt mwaka 1901. Aliitwa Auguste Deter, na alikuwa na miaka 51. Wapo wazee wa miaka 90 wanaotaja ukoo mzima bila kukosea, na wapo watu wanaougua kabla ya kustaafu.

Sasa huku kwetu. Wengi hawajui kwamba moja ya kazi kubwa za utafiti wa ugonjwa huu Afrika ilifanyika wilayani Hai, hapa hapa Kilimanjaro. Watafiti wa hospitali ya KCMC na wenzao kutoka kaskazini mwa Uingereza walienda vijijini wakapima watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Matokeo yalichapishwa 2013: baada ya kurekebisha tofauti za umri, asilimia 6.4 walikuwa na dimenshia. Yaani kati ya wazee 100 wa umri huo pale kijijini kwenu, sita hivi wanayo, na wengi hawajawahi kuelezwa na mtu yeyote wana nini.

Kazi yao iliyonigusa zaidi ni ya kipimo. Vipimo vilivyozoeleka humtaka mzee achore saa, aandike sentensi, ahesabu kurudi nyuma kwa saba saba. Mama ambaye hakuwahi kukaa darasani atatoka pale anaonekana mgonjwa, wakati anakumbuka madeni ya kikoba kizima bila daftari. Ndipo ukatengenezwa uchunguzi mfupi uitwao IDEA, uliojaribiwa Tanzania na Nigeria. Unamuuliza mzee daraja ni nini. Leo siku gani. Ataje wanyama kwa dakika moja. Unampa maneno, baadaye unamrudia uone kama anayakumbuka. Unapanga njiti za kiberiti, naye apange kama zako. Kalamu haihitajiki. Muuguzi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii akifundishwa anaufanya, na kwa maoni yangu ulitakiwa uwe kwenye kila zahanati inayohudumia wazee.

Watafiti hao hao wa Hai wakajaribu pia tiba ya vikundi ya kuchangamsha akili. Chimbuko lake ni Uingereza: vikao 14, mara mbili kwa wiki, wiki saba. Wagonjwa wa hatua ya awali na ya kati wanakaa wachache, wanazungumza, wanaimba, wanashika vitu vya zamani, wanataja vyakula, wanacheza. Walivibadilisha vikao vifanane na maisha ya kijijini. Wazee walipata nafuu kwenye akili, kwenye wasiwasi, na kwenye zile tabia zinazowachosha walezi. Fikiria hiyo: hakuna kidonge, hakuna mashine, kuna mtaalamu aliyefundishwa, viti na muda.

Nyumbani nimeiga kwa namna yangu. Baba alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa. Ikifika saa kumi na moja jioni anaanza kuhangaika, anataka aende kupokea kahawa ya watu. Kumwambia kwamba amestaafu kunamtia hasira na kumuumiza. Sasa anapewa debe la maharage na mizani, anapima, anaita kilo, mjukuu anaandika kwenye daftari. Akimaliza anakunywa uji ametulia.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia nafasi: msikimbilie kusema ni dimenshia. Mzee aliyebadilika ghafla, jana mzima leo haeleweki, huyo ana dharura. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, sukari kushuka, damu iliyovia kichwani baada ya kuanguka. Waliobadilika polepole nao wapimwe tezi ya shingo, vitamini B12, VVU, kaswende, waangaliwe sonona, na mfuko wa dawa umwagwe mezani. Piritoni za mafua za kila siku na amitriptyline ya kulalia zinamchanganya mzee kiasi cha kufanana kabisa na mgonjwa. Baadhi ya hao wanarudi kwenye hali yao.

Karibuni. Tuulizane, tupeane uzoefu.

#2 Mwana_Kahama

Dada asante. Mimi la kwangu ni zito. Mama ana miaka 74. Usiku anaongea na watu tusiowaona, anasema kuna watoto wamekaa juu ya kabati. Mchana anaweza kuwa mzima kabisa, anakuuliza hata habari za kazini. Macho yake ni mekundu kwa sababu amepikia kuni maisha yake yote. Kijijini maneno yameanza, na huku kwetu maneno ya namna hiyo yameshaua akina mama. Naogopa. Na duka la dawa wamenipa sindano ya kumtuliza, alikakamaa mwili mzima siku mbili.

#3 BintiKibosho

Kaka pole sana. Mambo mawili, yote ya haraka.

La kwanza, hiyo sindano asichomwe tena mpaka aonwe na daktari. Kuona watu au watoto ambao hawapo, hali kupanda na kushuka, na mwili kukakamaa baada ya dawa ya kutuliza, hivyo vitatu vikiwa pamoja vinaelekeza kwenye aina inayoitwa dimenshia ya Lewy. Wagonjwa hao dawa za kutuliza kama haloperidol zinaweza kuwadhuru vibaya hata kuwaua. Na hata kwa aina nyingine, tangu 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani imeweka onyo kali kwamba dawa za kundi hilo huongeza vifo kwa wazee wenye dimenshia. Andika jina la dawa aliyochomwa kwenye karatasi, nenda nayo hospitali ya mkoa au ya rufaa, waeleze kama ulivyotueleza.

La pili, usimwache mama peke yake na maneno ya kijiji. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, na kama kuna kiongozi wa dini anayesikilizwa nenda naye. Waeleze ni ugonjwa wa ubongo, una dalili zake, na daktari anaufahamu. Ukipata maelezo ya hospitali yaliyoandikwa, waonyeshe. Ukisikia tishio la wazi, polisi siku hiyo hiyo na mama ahamishwe. Akina mama wa Shinyanga na Mwanza waliuawa kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Hatutaki mwingine.

Akiona watoto kabatini, usibishane naye wala usijifanye unawaona. Mwambie "mama, mimi nipo hapa, hawatakufanya kitu", washa taa, funga mlango wa kabati. Giza na vivuli huzidisha.

#4 Mpita_Njia_Ilala

Nafuatilia. Uzi kama huu ulichelewa.

#5 KatuloWaMakueni

Salamu kutoka Kenya. Huku Makueni shirika la Africa Mental Health Research and Training Foundation limefanya utafiti wa dimenshia na wahudumu wa afya wa jamii, kwa sababu hao ndio wanaoingia kila boma. Kenya pia ilikuwa moja ya nchi saba za STRiDE, mradi wa kimataifa wa utafiti wa dimenshia. Nairobi, chuo kikuu cha Aga Khan kina taasisi ya ubongo na akili inayoshiriki Africa-FINGERS, utafiti wa kuangalia kama lishe, mazoezi, kutibu presha na kuchangamsha akili vinaweza kuukinga ubongo wa Mwafrika. Wazo hilo lilithibitishwa kwanza Finland, matokeo yakatoka 2015.

Walezi walio Kenya watafute ADOK, shirika la Alzheimer na dimenshia lililoanzishwa na Elizabeth Mutunga baada ya babake kuugua. Wana vikundi vya walezi. Mimi nyanya yangu ndiye mgonjwa, na nilipoketi na watu wengine wanaofua shuka usiku kama mimi, nilipumua.

Kilifi nako hali si tofauti na Kahama. Wazee wanaitwa wachawi na vijana wanaotaka shamba. Kule Ganze, kituo kiitwacho Kaya Godoma kimewapokea wazee waliokimbia kuuawa. Mtu akikuambia uchawi, uliza kwanza ni nani anataka ardhi.

#6 MkeWaKwanzaTanga

Jamani na mimi niseme. Namlea mama mkwe. Mume wangu anafanya kazi Mtwara, mawifi zangu wako Dar. Hela wanatuma, sikatai, lakini kila simu ni amri: mbona amekonda, mbona hujampeleka kwenye maombi, mbona sauti yake ya chini. Wakija sikukuu anawatambua, anacheka nao, wanasema nazusha. Kuoga hataki, ananiita mwizi, juzi amenipiga na kopo. Nampenda yule mama, alinipokea vizuri nilipoolewa. Ila kuna usiku natamani tu asiamke, halafu nalia kwa kuwaza hivyo.

#7 BintiKibosho

Dada yangu, hilo wazo la usiku limewahi kupita kwa walezi wengi mno wanaokuja kliniki kwetu. Ni uchovu unaosema. Wala halikufanyi kuwa mkamwana mbaya. Lakini ukiona unawaza kujidhuru au kumdhuru, au usingizi na hamu ya kula vimeondoka kabisa, wewe mwenyewe unahitaji kumwona daktari, na usione aibu kwenda.

Kuhusu mawifi: mgonjwa wa hatua hii huweza kujikusanya saa chache mbele ya wageni, kisha anaanguka wakiondoka. Kwa hiyo usiwaeleze, waache waone. Mwambie mume wako aitishe kikao, agizo litoke kwake, kwamba kila wifi achukue mama au aje akae naye wiki nzima peke yake, usiku ukiwemo, na wewe uende kwenu. Wiki, maana mchana mmoja hautoshi. Baada ya hapo mtazungumza lugha moja. Anayeshindwa kabisa kuja, mchango wake uwe mshahara wa msaidizi, na huyo msaidizi afundishwe, awe na siku yake ya kupumzika, asigeuzwe mtumwa wa pili.

Kuoga: asioge kila siku. Mara mbili tatu kwa wiki zinatosha, siku nyingine mpanguse uso, kwapa na sehemu za siri. Maji ya vuguvugu yawe tayari kabla hujamwita. Usimvue nguo zote, mfunike khanga mabegani umsafishe chini yake, umpe na yeye kitambaa ashike ajioshe. Anayevuliwa nguo na mtu asiyemkumbuka lazima apigane, hata mimi na wewe tungepigana. Mwimbie kitu cha ujana wake, kama ni kaswida au taarabu ya zamani, nyimbo hukaa muda mrefu kuliko majina. Akikataa, ondoka, rudi baada ya nusu saa na sura nyingine.

Akikuita mwizi, amepoteza kitu na akili yake imetafuta maelezo. Mwambie "tutafute pamoja mama". Kitenge chake na pochi viwe na sehemu moja isiyobadilika.

Na akianza kutoka nje bila kuaga, waonyeshe picha yake vijana wa bodaboda na wauza genge, wapewe namba yako. Namba hiyo hiyo ishonewe kwenye pindo la khanga zake.

#8 Mswahili_Leicester

Nipo Uingereza, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nimeona watu huko nyumbani wanatumiana habari za dawa mpya na kuulizia namna ya kuiagiza, naomba niliweke sawa.

Dawa inaitwa lecanemab. Marekani iliidhinishwa 2023. Jaribio lake lilikuwa na watu wapatao 1,800 wa hatua ya mwanzo kabisa ya Alzheimer, na ndani ya miezi 18 waliotumia walishuka polepole zaidi kwa asilimia 27 kuliko wasiotumia. Angalia: walishuka, ila polepole. Hakuna aliyerudishiwa kumbukumbu. Kwenye jaribio ilitundikwa kwenye mshipa kila baada ya wiki mbili, na inahitaji vipimo vya MRI, yaani picha za ubongo, mara kwa mara kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu, na bei ilitangazwa dola 26,500 kwa mwaka. Nyingine, donanemab, iliidhinishwa Marekani 2024. Hapa Uingereza, NICE, chombo kinachoamua huduma ya afya ya taifa ilipie dawa gani, mwaka 2025 kiliona faida ya dawa hizo mbili ni ndogo mno kwa gharama zake.

Kwa sayansi ni hatua kubwa, maana kwa miaka mingi hakuna dawa iliyogusa mwenendo wa ugonjwa wenyewe. Lakini kuuza ng'ombe na kiwanja kwa ajili yake, hapana. Dawa za zamani kama donepezil zipo, za kawaida, zinawasaidia baadhi kwa muda. Hiyo ongeeni na daktari.

Kingine cha kutia moyo ni kipimo cha damu. Mei 2025 Marekani waliruhusu cha kwanza cha kusaidia kutambua Alzheimer kwa watu ambao tayari wana dalili. Bado ni cha hospitali za wataalamu, ila damu husafirishwa, mashine ya MRI haisafirishwi. Hapo ndipo nchi zetu zitafaidika.

Na niseme la moyoni. Huku wazee wana vitanda vya umeme na lishe iliyopimwa, na wengine hawatembelewi mwaka mzima. Mzee wako anayekaa kibarazani akisalimiwa na kila mpita njia ana kitu ambacho hapa tunashindwa kukinunua.

#9 Kijana_Mbeya91

Babu alikuwa nayo, sasa baba ameanza kuuliza swali moja mara tatu. Mimi nitaipata? Kuna kinga?

#10 BintiKibosho

Mdogo wangu, kuwa na babu au baba mwenye nayo kunaongeza uwezekano, hakukuhukumu. Kuna chembe ya urithi inayoitwa APOE e4 inayotajwa sana Ulaya na Marekani. Watafiti walipowalinganisha Wayoruba wa Ibadan na Wamarekani weusi wa Indianapolis, walikuta Ibadan wagonjwa wapya ni chini ya nusu ya wale wa Indianapolis, na uhusiano wa chembe hiyo na ugonjwa ulikuwa hafifu. Asili ya watu hao inakaribiana, ila mishipa ya moyo na maisha ya kila siku yalitofautiana sana. Ndiyo maana utafiti wa kwetu ni lazima, hatuwezi kuvaa matokeo ya wengine.

Jopo la jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 ambayo yakidhibitiwa, karibu asilimia 45 ya wagonjwa wa dimenshia duniani wangeweza kuepushwa au kucheleweshwa. Kukosa shule utotoni, masikio yasiyosikia vizuri, presha, sukari, mafuta mabaya kwenye damu, unene, sigara, pombe nyingi, kutofanya mazoezi, sonona, kuumia kichwa, upweke, hewa chafu, na macho yasiyotibiwa.

Mimi ningekuambia anza na presha ya baba kesho asubuhi. Ameze kila siku, hata akijisikia mzima. Halafu masikio na macho yake. Mzee asiyesikia anaacha kwenda vikao, anaacha kuongea, akili inakosa kazi, na ndugu wanadhani ndiyo kawaida yake. Nta ya masikio na mtoto wa jicho tu vimewatenga wazee wengi. Na wewe unayeendesha pikipiki, kofia ngumu, tafadhali.

#11 MkeWaKwanzaTanga

Dada nimempigia mume wangu, ameitisha kikao cha simu Jumamosi. Wifi mkubwa ameanza kukasirika. Ila mama leo kaoga kwa khanga na kaswida, hakunipiga. Swali: shemeji anataka mama aweke dole gumba kwenye karatasi za shamba, eti kabla hajazidiwa. Tufanyeje?

#12 Wakili_Mstaafu_Moro

Mama, msiweke hilo dole. Anayeweka dole lazima wakati huo aelewe anachokifanya na athari yake, vinginevyo mkataba huo unapingika mahakamani na familia itagawanyika kwa miaka. Wale ambao wazazi wao wapo hatua za mwanzo na bado wanaelewa, huu ndio wakati wa wosia, mbele ya mashahidi wasio warithi, pamoja na maelezo ya daktari kwamba siku hiyo akili ilikuwa timamu. Uwakili wa kawaida msiutegemee peke yake, maana kwa sheria yetu ya mikataba hukoma pale aliyeutoa anapopoteza akili timamu. Aliyefika hatua ya mama yenu, mali yake inasimamiwa kwa kuomba mahakamani. Nendeni kwa wasaidizi wa kisheria wa wilaya, huduma yao ni bure. Na hati ya shamba itolewe nyumbani, ikae kwa mtu ambaye pande zote mnamwamini.

#13 BintiKibosho

Asante sana mzee wangu, shikamoo. Mkamwana wa Tanga, jambo hili la shamba liwe ajenda ya Jumamosi hiyo hiyo, ila la kwanza kwenye kikao liwe zamu zako za kupumzika. Mkianza na shamba, zamu hazitafikiwa. Na Mwana_Kahama, ukishatoka hospitali rudi utuambie daktari alisemaje kuhusu ile sindano, kuna wengine humu wenye mama wa namna hiyo hiyo.